Mama Yake Mwalimu Hala

Khamisa alikuwa akitoa kokwa za tende jikoni kwake Al Qabil, Oman, pale mjukuu wake Yaqeen, wa miaka minne, aliposukuma kando maziwa akadai matteh, ile chai chungu inayonyonywa kwa mrija wa chuma. Nyumba hiyo haijapata kuwa na matteh. Khamisa kazaliwa Tabora, na chai yake ni ya tangawizi.

Mtaani aliyekuwa nayo ni mmoja tu, Mwalimu Hala, Mdruzi kutoka Ain Lawz, kijiji kidogo cha mawe meusi milimani Syria. Akaitwa. Yaqeen akanyonya, akafuta mrija kwa ganda la limau kama inavyotakiwa, akampa Hala na kumwambia kwa Kiarabu cha huko kwamba amekonda. Akaeleza jinsi mababu walivyohamia, wakavunja miamba wapate kupanda mizabibu, na nani alimwoa binti wa nani. Hala akamuuliza mawili matatu, kama wafanyavyo Wadruzi mtoto akikumbuka maisha yaliyopita, kisha akambusu mkono. Mtoto yule alikuwa mama yake Hala, aliyeuawa kijiji kilipovamiwa.

"Lakini wafu wetu huzaliwa tena kwetu," Hala alisema. "Hajapotea mtu mpaka huku."

"Siku ile tulikufa wengi," Yaqeen alijibu. "Wa kutuzaa nao walikuwemo."

Khamisa akaona hilo lina maana, akaenda kuongeza maji ya moto.

Aliporudi, mtoto alikuwa akiuliza kama Firas ameshatolewa. Firas ni mdogo wake Hala, asiyeonekana tena tangu uvamizi ule. Siku ile mama alimteremsha kwenye birika la mvua chini ya nyumba, akalifunika, akaburura gunia la ngano juu yake wavamizi wasimwone. Akauawa kabla hajamwambia mtu.

Hala akapiga simu. Anayekaa nyumba ile sasa alimsikiliza mpaka mwisho, akasema nyumba ni yake, akakata. Wadhah, baba wa mtoto, alikwenda Maskati ofisi hii na ile kutafuta mtu wa kufika kijijini, akaambiwa njia imefungwa.

"Wallah, nimelea watoto saba," Khamisa alimwambia mwanawe, "na gunia moja siwezi kulisogeza." Akalia, akafuta uso kwa kanga, akarudi kwenye tende zake.

Ikabaki adabu. Marehemu alikuwa mkubwa kuliko Khamisa, na mkubwa hanyimwi shikamoo. Wakapatana: asubuhi Yaqeen anamwamkia bibi yake, alasiri, Hala akija, bibi ndiye anayeamkia. Wadhah alitoka kazini akamkuta mama yake amemwinamia mtoto. Akavua viatu, akaamkia naye.

Siku hizi duka la jirani linauza matteh. Kila alasiri Khamisa huketi mkekani, Hala pembeni yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Gunia wamelitoa?"

"Bado."

"Basi mwekeeni Firas chakula," husema Yaqeen, na Khamisa humwekea.