Upande wa Jicho Zima

Panga halikuanza na watu. Lilianza na migomba. Bathsheba alikuwa uani akipeta wimbi kwenye ungo, jua la saa nane likiwa bado halijazibwa na mawingu ya vilima vya Manga, aliposikia chwa!, kisha kishindo cha kitu chenye maji mengi kikilala chini. Mgomba wa kwanza ulianguka na mkungu wake mchanga. Wa pili ukafuata. Kufikia wa tano alikwisha kujua ni nani, kwani miezi mitatu alikuwa akimsubiri kama mtu anavyosubiri mvua ya mawe: siku haijui, ila anajua itakuja.

Walikuwa wanaume wanne kutoka Nyacheki. Aliyetangulia alikuwa Andrew, mpana wa kifua, panga mkono wa kulia, na wa kushoto kile kisu kilichopinda cha kupogolea michai. Nyuma kabisa, kichwa amekiinamisha upande kama kuku anayesikiliza, alikuja mdogo wake, Omwenga. Palipokuwa jicho lake la kushoto palikuwa na mshono wa ngozi, laini na mwekundu, kama mdomo uliokatazwa kusema.

"Omong'ina," Andrew alisema. Ni jina la heshima kwa mwanamke mzee, lakini yeye alilitema kama kapi la muwa. "Mwanao yuko wapi? Leo hatukuja kunywa chai."

Jasper hakungoja kuitwa. Alitoka na fulana na ndara zake, akasimama mlangoni. "Niko hapa. Mama mwacheni, hana..."

Sentensi haikufika mwisho. Ubapa wa panga ulimpata shavuni, na jino likaruka likatua kwenye ungo wa mama yake, jeupe katikati ya wimbi jekundu. Wale wawili wengine walimwangukia. Mateke yao yalikuwa na sauti ya mtu anayepura maharagwe, bila haraka, kazi ikiwa kazi. Mbwa aliyebweka alipigwa mbavuni, akajikokota hadi chini ya ghala, asisikike tena.

Yote hayo ni kwa sababu ya chupa moja.

Jasper alipomwoa Damaris, dada yake bibi harusi aliyeko ng'ambo aliwapa maarusi zawadi ambayo kijiji hakikuwahi kuisikia: siku nne ndani ya meli ya kitalii kutoka Mombasa. Damaris aliisoma barua ya masharti hapo hapo uani. Bia haipandi. Pombe kali haipandi. Vinywaji vya kienyeji ndiyo kabisa. Ila kila abiria aweza kuja na chupa moja ya divai, ikiwa na lakiri yake.

"Meli kubwa hivyo, na bado wanapekua chupa kama mama mkwe!" jirani mmoja alisema, na watu wakacheka.

Bathsheba hakucheka. Alikuwa akiyafikiria maji. Tangu enzi za mama mkwe wake, mtu wa boma lile havuki maji makubwa bila kuonja amarwa, pombe ya wimbi la nyumbani, na kuwadondoshea waliotangulia tone moja. Lakini Bathsheba alikuwa shemasi. Jumamosi aliwaonya vijana kanisani juu ya kileo kwa sauti iliyowafanya wajifiche nyuma ya vitabu vya nyimbo. Basi akafanya wafanyavyo watu wenye mikono miwili: ule wa Sabato haukuulizwa uliyoyatenda ule wa siku nyingine.

Asubuhi ya safari, maarusi wakioga, aliichukua divai ya Jasper. Akaivua karatasi ya shingoni polepole, kama anayemvua nguo mtoto aliyelala. Akakitoa kizibo, akaimwaga divai kwenye shina la mgomba, akajaza amarwa mabichi ambayo bado yalikuwa yakinong'ona. Akakirudisha kizibo, akakikaza kwa waya wa mtego wa fuko, akaivisha karatasi yake. Kazi safi. Alisahau jambo moja ambalo kila mpishi wa wimbi analijua: amarwa hayafungwi mdomo.

Chupa ile ilishuka kutoka kwenye baridi ya Manga hadi kwenye joto la Mombasa, ikifura ndani kwa ndani. Gatini mpekuzi wa mizigo wa meli ile alikuwa Omwenga. Aliposikia maarusi wakisema Ekegusii, lugha ya kwao, alifurahi kama aliyekutana na ndugu, akaiinua chupa mbele ya uso wake aipime na jua. Akaitikisa. "Divai gani hii yenye rangi ya uji?" akatania. Hapo ikapasuka.

Jasper aliinusa ile harufu, akaelewa yote. Alipoulizwa chupa ni ya nani alisema, "Yangu." Wakubwa wakaandika kuwa ni ajali, meli ikaondoka bila wao, na bila Omwenga. Nyumbani Jasper hakumuuliza mama yake neno, wala mama hakumjibu neno. Miezi mitatu walipitishiana chumvi mezani hivyo hivyo.

"Mshikeni kichwa," Andrew aliamuru. Alipiga goti juu ya kifua cha Jasper, kile kisu kilichopinda kikisogea kwenye jicho la kushoto. "Nakuuliza mara ya mwisho. Chupa ilikuwa ya nani?"

"Yangu."

"Ndani uliweka nini?"

"Niliinunua hivyo. Dukani, Kisii mjini."

"Duka gani hilo linalouza mabomu?"

Majirani walikuwa wamejazana kwenye ua wa michongoma; Damaris alikuwa bado sokoni. Purity, kiongozi wa kwaya, alikuwa mbele yao, mikono kichwani. "Andrew, we mtoto wa watu, mwogope Mungu!" alilia, lakini hakuvuka ua. Nani angevuka?

Ncha ilishuka kwenye kope. Tone la damu likachungulia, likateremka hadi sikioni. Jasper hakumtazama Andrew. Alimtazama mama yake, kwa jicho lile lile lililokuwa likiondoka, na jicho likasema: nyamaza. Ndipo Bathsheba alipojawa na chuki, na chuki ile haikumwelekea Andrew. Aliuchukia ukimya wake mwenyewe, jinsi ulivyonenepa kwa kulishwa nyama ya mtoto wake.

Aliinuka. Kwa umri wake hakuna aliyedhani angefika upesi vile. Alikishika kisu kwenye makali, akakivuta kwake, na chuma kikazama kiganjani mpaka kikagonga mfupa.

"Chupa ni yangu!" alipiga kelele. "Amarwa niliyapika mimi, nyuma ya ghala. Waya niliukaza mimi, kwa mkono huu unaoukata. Mnampiga mtu aliyelala chini kama wavulana wasiotahiriwa, na mwenye kosa ameketi anapeta wimbi!"

Mikono ya Purity ilishuka kutoka kichwani.

"Shemasi?" Purity aliuliza, kwa sauti ndogo.

"Ndiyo, Purity. Shemasi."

Andrew alimpiga kibao kilichomwangusha juu ya ungo. Wimbi likamwagika. Panga likapanda.

"Andrew. Acha."

Lilikuwa neno la kwanza la Omwenga tangu waingie. Alikuja, akachutama, akachota wimbi lililochanganyika na damu, akalinusa.

"Ni hili?"

"Ni hilo, mwanangu."

"Hospitalini waliniuliza nilisikia nini kwanza. Niliwaambia kishindo. Niliwadanganya." Aliliacha wimbi limchuruzike vidoleni. "Nilisikia harufu ya nyumbani kwa nyanya yangu. Miaka sita sikuwa nimeinusa. Nilifurahi, omong'ina. Nilifurahi kwanza, ndipo damu ikaja. Hilo ndilo siwezi kuwasamehe. Sasa kila ninapoinusa, linaniuma jicho nisilo nalo."

Bathsheba alijiinua kwenye wimbi lililomwagika.

"Yapo mengine?" Omwenga aliuliza.

"Yapo."

Bathsheba aliufunga mkono kwa leso, akaenda nyuma ya ghala, akarudi amekikumbatia chungu mbele ya macho ya Purity na majirani wote. Darini aliichomoa mirija miwili mirefu ya marehemu mumewe. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Waliokosana hawatii mirija kwenye chungu kimoja. Wakitia, neno limekwisha.

"Ukinywa hapo," Andrew alimwambia nduguye, "Nyacheki usirudi."

Jasper alijiinua kwenye kiwiko, akatema damu. Bathsheba alipiga magoti, akamnyoshea Omwenga mrija mmoja. Omwenga hakuupokea. Hakugeuka hata shingo. Bathsheba alingoja, damu ikichuruzika kutoka kwenye leso, moyo ukimwambia amekataa. Kisha akaona alipopigia magoti: kushoto kwa Omwenga, upande wa giza.

Aliinuka kwa shida. Akaukiuka mgomba ulioanguka, akazunguka polepole hadi upande wa jicho zima, akapiga magoti tena, na kuunyosha tena.

Sasa Omwenga aliuona mrija. Akauona na mkono.

Matone ya kwanza ya mvua yaligonga mabati. Ndani ya chungu povu lilipanda, likapasuka, likapanda tena.