Shingo ya Yahya

Mdomo ninao, sikatai, na siku ile niliutumia wote. Mume wangu Yahya kaanguka kwetu Kivinje, ndiyo kwanza anatoka kuswali Ijumaa. Uso umelegea upande, mkono wa kulia hauna habari, na mama yake, Bi Mwanahija, anataka akandwe!

"Huo upepo mbaya, Sauda. Hospitali ya nini?"

"Upepo wa wapi, mama? Mwanao anakufa!"

Nikatafuta gari, tukampeleka Lindi, mama mkwe akilalama njia nzima.

Hospitali, dokta Veronika akamwingiza kwenye mashine ya sitiskani, akampiga picha ya kichwa. Damu haikumwagika ndani. Donge la damu ndilo lililoziba mshipa, na sehemu ya ubongo ikakosa damu. Kiharusi. Lakini Yahya bado kijana, hana presha, hana sukari, na moyo wameupima ni mzima.

"Donge limetoka mahali," dokta akaniambia. "Nisipojua wapi, litakuja jingine, na hilo huenda asiamke. Kesho tunapiga picha ya mishipa ya shingo."

Asubuhi Yahya akafungua macho, akanitazama, akasema, "Sau..."

Wallahi nililia. Jina hakulimaliza, lakini lilikuwa langu.

"Alhamdulillahi," Bi Mwanahija akainua mikono. "Keshaanza kupona, tumrudishe nyumbani. Hizo picha zimemponya nani?"

Tukagombana palepale mbele ya wagonjwa wa watu, mpaka nesi akaja kutunyamazisha. Nikashinda mimi.

Wakamdunga dawa ya kuifanya mishipa ionekane, wakampiga picha, wakamrudisha kitandani. Dokta akaniita chumba cha picha. Kwenye kioo niliona mishipa miwili imepanda shingoni, myeupe. Wa kulia mnene. Wa kushoto ukifika katikati unakuwa mwembamba kama uzi.

"Ukuta wake wa ndani umechanika," akasema. "Damu inaganda hapo, vipande vinapanda kichwani. Alikabwa? Kuna mtu alimzungusha shingo kwa nguvu?"

Kila Ijumaa kabla ya swala Yahya hunyolewa kwa Mfaume kinyozi. Mfaume akimaliza humshika kidevu na kisogo, anamzungusha, ka! upande huu, ka! upande ule. Wanaume wa Kivinje wanaipenda hiyo kuliko kunyolewa kwenyewe. Nilimtukana Mfaume mle ndani matusi ambayo dokta wa watu hakustahili kuyasikia.

"Sikiliza, dada," akasema. "Sasa tumejua. Dawa ya kuzuia damu isigande ipo, na huo mchaniko unaweza kupona wenyewe. Ila hiyo shingo isiguswe."

Isiguswe! Na nimemwacha na nani?

Nilikimbia, ushungi umenidondoka mabegani. Bi Mwanahija alikuwa amekaa kitandani, kichwa cha mwanawe mapajani, chupa ya mafuta ya nazi pembeni. Vidole gumba vyake vilikuwa vinashuka toka chini ya sikio la kushoto, vinaminya, vinarudi. Alikuwa anamsomea Ayatul Kursi, machozi yanamtoka.

"Mama, acha!"

Akashtuka. "Namlainisha tu, mwanangu. Kaniashiria shingo inamuuma."

Na ilikuwa inamuuma kweli, maskini. Nilimwinamia.

"Yahya, niite. Niite kama asubuhi, baba."

Midomo ilicheza kidogo. Halafu macho yakapinda upande mmoja, yakabaki hukohuko.

Wakamkimbiza tena kwenye mashine, mlango ukafungwa. Tukabaki kwenye benchi sisi wawili. Nilikuwa na maneno, jamani. Nilikuwa nayo ya kumlaza mtu kaburini, na yote yalikuwa yake. Nikageuka nimpe.

Alikuwa ameinua mikono yake mbele ya uso, anaiangalia. Ilikuwa bado inang'aa mafuta.

"Sauda," akasema, "kwenye hiyo picha, mikono yangu itaonekana?"

Nikafungua mdomo wangu huu.

"Haionekani, mama," nikamwambia. Nikavua ushungi, nikamfuta vidole kimoja kimoja, kabla dokta hajatoka.