Kwenda Baharini Bila Shughuli

"Usinizungushe, mama Sitara. Nani aliyempelekea balozi jina langu?"

Severa alikuwa amesimama katikati ya uchochoro unaotenganisha nyumba yake na nyumba ya Waridi, mkono mmoja kiunoni, wa pili umeshika mwiko unaodondosha mchuzi wa maharage. Ugomvi ulikuwa umeshapamba moto. Majirani walishatoa vigoda. Mtaa wa Mchikichi haukuwa na jumba la sinema, lakini ulikuwa na wanawake hawa wawili, na hawakuwahi kumwangusha mtazamaji.

Waridi, ndiye huyo mama Sitara, alisema hakumpelekea balozi jina la mtu yeyote. Alichompelekea ni tangazo, tena la heri, na kama masikio ya wengine yana nta hilo si kosa lake.

"Heri gani? Jumapili saa saba mchana, Magogoni, kila nyumba itoe watu, kila mtu na chakula chake na kofia ya jua. Tangazo hilo mimi silijui? Mara ya mwisho lilikuja hivyohivyo, nikajikuta ng'ambo ya Kigamboni nalima mihogo ya ujamaa mpaka mgongo ukagoma kunyooka. Mimi nimeshalijenga taifa, mama. Zamu yangu imepita. Kama kuna shamba jingine, nendeni wewe na balozi wako Melkiori."

Hapo Waridi aliishiwa maneno, jambo ambalo majirani walilisimulia wiki nzima. Aligeuka akawatazama waliokaa kwenye vigoda, mmoja mmoja. Akamuuliza Seifu, fundi cherehani, kama naye alisikia hivyo. Seifu akashika shavu akasema jino linamsumbua sana tangu tangazo litoke, na kwa anavyolifahamu jino lenyewe, Jumapili litakuwa baya zaidi. Angelina, muuza vitumbua, alikuwa anategemea ugeni wa mama mkwe. Mwingine alikuwa na msiba Chalinze, wa mtu ambaye bado hajafa lakini hali yake si nzuri. Mtaa mzima ulikuwa umejipanga kuugua.

Waridi akaingia ndani akakaa kitandani. Alitaka kulia, akaona hata nafasi hiyo hana.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Mumewe, marehemu Sadalla, alimwachia jahazi. Hakumwachia peke yake, alimwachia pamoja na Bushiri, mdogo wa marehemu, aliyekuwa nahodha wake. Kwa miaka mingi jahazi hilo lilileta boriti kutoka Rufiji, na nusu ya dari za Kariakoo zilipita tumboni mwake. Kisha yakaja malori, boriti zikapanda malori, na jahazi likabaki limefungwa kwenye maji ya Magogoni linaota majani ubavuni. Bushiri alikuwa amempata mnunuzi, bwana mmoja mwenye tanuri la chokaa. Huyo hakutaka chombo, alitaka mbao zikawe kuni. Jumatatu asubuhi angekuja na watu wake na mashoka.

Waridi hakulala siku aliposikia habari ya kuni. Lakini alikuwa mtu wa kukaa barazani na kutazama watu, na barazani ndiko alikopata wazo. Miaka hiyo petroli ilikuwa adimu, na Jumapili ikifika saa nane mchana magari ya watu binafsi hayakuruhusiwa kutembea. Mji ulinyamaza. Watu wa Upanga waliegesha magari yao wakabaki wanazunguka kwa miguu, watoto wamevalishwa viatu vya sikukuu na hakuna pa kuwapeleka. Waridi akawatazama Jumapili ya kwanza, ya pili, ya tatu, akajiambia: tanga halinywi petroli. Jahazi lichukue watu, liwatoe nje ya mlango wa bandari, liwapitishe kwenye minara ya taa inayoongoza meli, waione, washangae, warudi kabla jua halijashuka.

Bushiri alipoelezwa alicheka mpaka akakohoa. "Shemeji," alisema, "mtu wa pwani haendi baharini bila shughuli, na wa bara haendi hata akiwa na shughuli. Halafu hizo taa mchana haziwaki. Utawapeleka wakaone nini, nguzo?"

Lakini alikuwa na huruma, na chombo kilikuwa cha kaka yake. Akampa Jumapili moja. Jahazi likijaa watu, mwenye tanuri atarudi na mashoka yake. Lisipojaa, asisikie tena habari ya minara.

Basi Waridi akaona jambo jipya litangazwe kwa njia mpya. Akaenda kwa Melkiori, balozi wa nyumba kumi, mtu mwema mwenye sauti ya redio. Melkiori akalitangaza kwenye mkutano wa shina, kati ya tangazo la usafi wa mitaro na tangazo la foleni ya sukari, kwa sauti ileile, na mwisho akasisitiza mahudhurio. Nani angedhani ni matembezi?

Jua lilikuwa limeshapita kichwani Severa alipoingia bila kubisha hodi. Alisema amefuata ungo wake. Ungo haukuwepo, na wote wawili walijua. Ukweli ni kwamba alishinda asubuhi nzima akijiuliza kilichomnyamazisha mwenzake, na Severa hakuwa mwanamke wa kulala na swali.

Waridi akamweleza yote, jahazi, tanuri, Jumatatu, mashoka. Severa alisikiliza akiwa amesimama, kisha akakaa, kisha akavua kilemba akakiweka gotini.

"Sasa wewe mtu wa pwani," alisema, "mnaoalikana harusi mlango kwa mlango, mwanamke akipitwa mlango mmoja hasemi nanyi mwaka mzima. Ukienda kwa balozi unatangaza kazi. Raha mtu huitwa mlangoni kwake."

Waridi akakiri kwamba ni kweli. Aliona labda kwa jambo la kisasa watu wangemcheka akiwapitia na kanga begani kama anaalika unyago.

"Wangekucheka, lakini wangekuja. Vaa."

"Kwenda wapi?"

"Nimesema vaa. Mlango wako ukifungwa kwa huzuni mimi nitagombana na nani? Anselmi? Anselmi ukimgombeza analala." Anselmi alikuwa mumewe, mwenye duka la maharage ya jumla karibu na soko jipya, na kweli alikuwa analala.

Wakatoka pamoja, na hapo ndipo mambo yalipogeuka. Kwanza Waridi hakuelewa kwa nini watu wanatoka milangoni kabla hajabisha. Cherehani ya Seifu ilisimama. Wauza nazi wa Mtaa wa Sikukuu waliacha kuhesabu. Severa wa Anselmi na Waridi wa Sadalla wanatembea bega kwa bega, tena wanaongea, tena mmoja kamshika mwenzake mkono kuvuka mtaro! Habari ilikimbia kuliko wao. Walipofika nyumba ya kumi walikuta wenyeji wameshatandika mkeka na wanajua kila kitu isipokuwa chanzo.

Kila mlango Waridi alitoa mwaliko kwa adabu yote, shikamoo kwa wakubwa na habari za watoto, kisha akasema Jumapili tunakwenda kuiona minara ya taa kwa jahazi, nawe nimekuja kukuita mwenyewe. Akiulizwa kama kuna kulima, Severa alidakia kwamba baharini hakulimiki. Akiulizwa kama chombo ni salama, Severa alijibu kwamba yeye mwenyewe anapanda, na wote mnajua anavyoipenda roho yake. Alisema hivyo kwa mara ya kwanza nyumbani kwa Angelina, na Waridi akamtazama kwa pembe ya jicho, maana hilo halikuwa limezungumzwa.

Jumapili, Waridi alifika Magogoni mapema, akamkuta Bushiri na mabaharia wake wanapanga mifuko ya mchanga chini ili jahazi litulie, maana halikuwa na boriti za kulitia uzito. Saa saba ikapita. Ukingoni palikuwa na wavuvi na mbwa mmoja. Waridi akaanza kuzihesabu sekunde moyoni, akaona anajitesa, akaacha.

Kisha wakatokea. Walikuja kwa kundi kama watu wanaosindikiza bibi harusi, Severa mbele na gauni la misa, nyuma yake Seifu ambaye jino lilipona, Angelina na sinia la vitumbua, familia mbili za Upanga zilizolikuta kundi njiani zikauliza linakwenda wapi zikaungana nalo, na mwishoni kabisa Melkiori na jembe begani. Alisema amelibeba kwa tahadhari tu. Bushiri akalipokea jembe akalilaza chini pamoja na mifuko ya mchanga, akasema litasaidia uzito. Hapakubaki nafasi ya kuweka hata kikapu.

Jahazi likang'oa nanga. Severa alishika kamba akafumba macho, midomo inasali. Tanga liliposhika upepo na jahazi likainama kidogo, akaita wafu wa ukoo wake wote kwa majina, mpaka mlima mzima wa kwao bara ukasikika. Waridi akamwekea mkono mgongoni akauacha hapo.

Waliposogea mlangoni mwa bandari, mtu mmoja akasema tazameni nyuma. Wakatazama. Mji ulikuwa umekaa juu ya maji, mweupe, mapaa mekundu ya makanisa, minara ya misikiti, minazi, hakuna gari hata moja linalotembea. Watu walioishi humo miaka ishirini walianza kuoneshana nyumba kama wageni. Severa akafumbua jicho moja, kisha la pili. Akauliza Kariakoo iko wapi, akaambiwa huko nyuma ya majengo, akasikitika kwamba haionekani, kana kwamba imefichwa makusudi.

Wakaupita mnara wa kwanza, mfupi, karibu na ufuko, na Bushiri akiwa kwenye usukani akaeleza, bila kuombwa, jinsi meli inavyoulinganisha na wa pili ili isipande mwamba. Walimsikiliza. Akaeleza zaidi. Waridi hakuwahi kumsikia akiongea maneno mengi kiasi hicho tangu mazishi.

Kisha kisiwa kikajitokeza, na mnara wake mrefu, na hapo jahazi zima likasimama kwa miguu. Si kwa sababu ya mnara. Chini ya mnara kulikuwa na kamba ya nguo, na kwenye kamba kulikuwa na shati, shuka, na kitu kilichofanana sana na gauni.

"Kuna mtu anaishi pale?" Angelina aliuliza.

Bushiri akasema ndiyo, mlinzi wa taa, anakaa na taa yake.

"Na gauni la nani?"

Hilo Bushiri hakulijua. Seifu, kwa jicho la fundi, aliapa kwamba ni kanzu. Severa akasema kanzu haina marinda kiunoni. Melkiori akataka hoja zipangwe vizuri. Mwanamume akatoka mlangoni mwa mnara akawapungia mkono, na watu wote, waislamu na wakristo, Upanga na Kariakoo, wakapaza sauti kumuuliza kama ameoa. Upepo ukalichukua jibu lake. Walibishana njia nzima ya kurudi, wakila vitumbua, na kabla hawajagusa ufuko walikuwa wameshakubaliana kwamba Jumapili ijayo lazima warudi, wakae upande wa upepo, wasikie vizuri, na waje na wale waliobaki nyumbani ili wasije wakadhani wanadanganywa.

Watu walishuka wakiongea. Waridi alibaki nyuma na shemeji yake, aliyekuwa anakunja kamba. Alitaka kumuuliza, akaogopa.

Bushiri akainua macho kwenye mlingoti. "Tanga hili lina viraka vingi, shemeji. Watu wakilitazama kila Jumapili litatutia aibu. Kesho nitakwenda mjini kuulizia kitambaa."

"Kesho anakuja mwenye tanuri."

"Atakuta sipo," Bushiri alisema. "Na chombo nitakihamishia upande ule, asije akajisumbua."

Waridi alirudi Mchikichi kwa miguu, chumvi imemkauka usoni. Jiko lake halikuwashwa tangu alfajiri. Alikuwa anatafuta ufunguo kwenye pindo la kanga aliposikia sauti ng'ambo ya uchochoro.

"Mama Sitara, unafungua mlango huo ukafanye nini?"

Severa alikuwa mlangoni kwake, ameshabadili gauni. Akasema kuku alimpeleka kwa Bushiri akachinjwa kabla yeye hajaenda misa, kwa kisu cha Bushiri mwenyewe, na sufuria ameiazima nyumbani kwa Seifu, kwa hiyo mtu asimletee visingizio vya dini. Celina, binti yake, amepika wao wakiwa baharini.

"Kabla ya misa?" Waridi aliuliza. "Hukujua hata kama watu watakuja."

"Nilisema jahazi lijae lisijae, leo huyu mwanamke hapiki." Severa akasogea pembeni kumpisha njia. "Celina, mletee mama maji anawe. Ingia, mwenzangu, wali unapoa."