Chumvi Iliyoombewa

Asenath alipofungua friji asubuhi ile, kichupa chake kilikuwa kimegeuka bluu. Bluu kabisa, ile ya kufulia mashati ya shule.

"Woi! Mama! Nani ameshika kitu yangu?"

Jana stima zilipotea maabara ya chuo, jenereta nayo ikagoma, akaona afadhali akilaze kichupa nyumbani kwao mtaani Jericho, kando ya maziwa. Mlikuwa na chembe za dhahabu humo, ndogo hata hazionekani, na vipande vya protini ya kirusi cha mimea. Kirusi chenyewe hakimo, ni koti lake tu. Ukivichanganya vizuri, vile vipande hujipanga vyenyewe bila fundi, kimoja kikishika kingine, mpaka dhahabu ivae ganda. Ndivyo inavyosemekana! Kwa Asenath vilikuwa vimekataa mwaka mzima, na mwalimu wake alishamwambia waziwazi: hii ikifeli, mradi unafungwa, tafuta kazi nyingine.

Perez, mama yake, alitoka jikoni akijifuta mikono kwa leso.

"Ni mimi, binti yangu. Niliona ni nyekundu kama divai ya ushirika, nikasema hii ndiyo kazi ya mwanangu, wacha niibariki. Nikatia chumvi kidogo. Ile ya kanisani, iliyoombewa."

Asenath akaketi sakafuni. Angekasirika, lo, angevunja kila sahani! Lakini leo hii mwalimu naye angetia chumvi. Hicho ndicho kipimo chenyewe: dhahabu iliyovaa ganda hubaki nyekundu, iliyo uchi hushikana na kugeuka bluu. Ganda halikuwahi kujifunga. Mama amemtangulia mwalimu tu. Basi, yamekwisha.

"Nimekuharibia," Perez akasema, akianza kulia.

"Hapana, Mama. Haki ya Mungu, ilikuwa imeharibika tangu jana. Chumvi yako imeonyesha tu."

"Wewe unanibembeleza tu. Nimekuzaa, najua ukinionea huruma."

Asenath akaapa, akaeleza upya, dhahabu, ganda, chumvi. Kadiri alivyoeleza ndivyo mama alivyozidi kulia. Ukweli wote aliokuwa nao, na haukumfaa mtu yeyote humo ndani.

Mwishowe Perez akainuka, akachukua mfuko wa chumvi iliyoombewa, akaumwaga wote kwenye sinki na kufungulia maji. Jumapili hakwenda kanisani.