Paneli Juu ya Kitanda cha Khalayi

Paneli ile bado iko juu ya paa la Khalayi kule Umoja. Imepauka, kona moja imepasuka, na haijawasha taa tangu wajukuu waanze kuota meno. Mafundi wengi wamepita wakitaka kuishusha wamfungie mpya. Huwaambia "hapana" mara moja, kisha hufunga geti. Kila akiinua macho kuitazama, huirudia ile Alhamisi ya Juni, miaka ya tisini, kitanda chake kilipoanikwa nje kama nguo.

Miaka ile umeme wa Umoja ulikuwa na tabia za shemeji mlevi: uliondoka bila kuaga na kurudi watu wakishalala. Khalayi alikuwa karani wa stoo katika kiwanda kimoja cha Industrial Area, mwanamke mwenye diploma ya chuo na ulimi usiotiwa sukari. Akitoka kazini alishona sare za shule. Mumewe Patrobas, mtu wa reli, alikuwa amefariki miaka miwili nyuma, na sare hizo ndizo zilizowaweka watoto darasani. Alizishona kwa mwanga wa taa ya chemli, macho yakimwasha, hadi siku moja akajikuta ameshona mkono wa shati kwenye shingo.

Ndipo bajeti iliposomwa redioni. Serikali ilikuwa imeondoa ushuru wa paneli za sola kwa watu wanaozifunga majumbani. Khalayi aliepua sufuria, akasikiliza hadi mwisho, na kabla ya wiki kwisha alikuwa mjini dukani. Akauziwa bila ushuru, kwa sharti moja: fundi aliyeidhinishwa aifunge, yeye na mwenye nyumba watie sahihi kwenye fomu, na fomu irudi dukani kabla ya Ijumaa ya wiki iliyofuata kwisha.

"Ikichelewa?"

"Unarudisha paneli, mama, au unalipa ushuru wote."

Ushuru wote ulikuwa karo ya muhula mzima. Khalayi hakuwa nayo.

Fundi aliyepangiwa akafiwa, akasafiri Siaya. Jumatano duka likamletea jina la mwingine kwenye kikaratasi: Shiundu, wa karakana za Kariobangi. Wengine wote walioidhinishwa walikuwa nje ya mji. Khalayi alikisoma kikaratasi mara mbili, akaketi.

Shiundu alikuwa mkwewe. Alikuwa amemwoa Marion, binti yake wa kwanza, miezi mitano tu iliyopita. Katika ukoo wa Khalayi kule Bungoma, mkwe na mama mkwe hawapeani mikono wala hawatazamani usoni mpaka siku ya blanketi, mkwe anapomfunika mama mabegani na ile haya ikaondoka. Siku yao ilipangiwa Desemba. Na upande wa paa uliopata jua vizuri ulikuwa juu kabisa ya chumba alicholala Khalayi. Mkwe kusimama juu ya kitanda cha mama mkwe, jambo hilo hata adhabu yake haikujulikana, kwa sababu hakuna aliyewahi kulitenda.

Marion alikuja jioni hiyohiyo.

"Mama, amesema hawezi."

"Hawezi au hataki?"

"Anasema afadhali akatwe mguu."

"Mguu wake nitaupeleka wapi? Mimi nataka sahihi."

"Kwani wewe ungekubali apande, Mama?"

Khalayi asingekubali. Diploma ilikuwa ukutani ndani ya fremu. Haya ilikuwa damuni.

Asubuhi yake hakwenda kazini. Alisimama kwenye ukuta wa ua akamweleza jirani yake, Teresiah, mzaliwa wa Murang'a, ambaye alicheka mpaka akaweka chini beseni la nguo.

"Kwa hivyo, Mama Marion, shida si paa. Shida ni kitanda."

"Ni kitanda, na ni mimi kuwa ndani ya nyumba."

"Basi tokeni nyote wawili."

Teresiah alikuwa anatania. Khalayi hakutania. Alikwisha kukunja mikono ya sweta.

Kitanda kile Patrobas alikinunua Gikomba wiki waliyopewa funguo za nyumba. Kabla ya hapo walikuwa wamebanana Makongeni, chumba kimoja, watoto wakilala chini ya meza. Alikipakia kwenye mkokoteni, akatembea kando yake Jogoo Road nzima, mkono mmoja juu ya mbao, kama anayemsindikiza bibi harusi. Kilipofika kikakataa kupita mlangoni. Majirani wakatoa ushauri wa kila aina, yeye akatoa spana. Akakifungua miguu, akakiingiza kwa ubavu, akakifunga tena huku akiimba wimbo wa kanisani, maneno nusu akiyasahau.

Sasa kilikataa kutoka vilevile. Teresiah alisukuma, Marion, aliyekuwa amelala pale usiku huo, akavuta, mlango ukashinda.

"Ngojeni," Khalayi alisema.

Alileta spana kutoka droo ya cherehani, akalala sakafuni, akajivuta chini ya kitanda. Pale kwenye mbao palikuwa na maandishi ya penseli, herufi kubwa zilizonyooka kama za kwenye mabehewa: MBELE KUSHOTO. MBELE KULIA. Patrobas aliuwekea kila mguu alama ili siku ya kuhama asipate taabu. Khalayi alikaa kule chini muda mrefu kuliko nati zilivyohitaji.

"Mama, uko salama?"

"Nati zina kutu," alisema. Hazikuwa na kutu.

Kitanda kikatoka, kikapitishwa getini hadi kwa Teresiah, kikasimamishwa tena katika jua la saa nne. Khalayi akaketi juu yake, akaupa ukuta mgongo, akashika sare ya kupinda.

"Nenda sasa," alimwambia Marion. "Mwambie nyumba haina kitanda wala mama."

Shiundu alikuja na ngazi begani, macho chini kama anayetafuta sarafu. Hatua zake zilipoanza kulia juu ya paa, Khalayi aliinamia sindano.

"Teresiah, muulize inaangalia wapi."

"Fundi, unaulizwa inaangalia wapi."

"Mwambie mama inaangalia kaskazini."

"Anasema—"

"Nimesikia. Mwambie aiinamishe kidogo, maji ya mvua yasituame."

"Mwambie mama hii kazi nimeisomea."

"Mwambie hiyo nyumba mimi ndiye ninayelala ndani."

Teresiah alishika ukuta kwa mikono miwili. "Hiyo sipeleki," alisema.

Saa nane Teresiah aliitwa ndani kushuhudia balbu ikiwaka juu ya cherehani. Kisha akabeba fomu kwenye sinia pamoja na kikombe cha chai, akampelekea Shiundu, ambaye alitia sahihi, akanywa chai, akaondoka kwa njia ya nyuma. Sinia likamrudia Khalayi. Naye akaandika jina lake kando ya jina la mkwewe, karibu kuliko walivyowahi kukaribiana. Ijumaa fomu ilifika dukani ikiwa na duara la chai. Karani aliitazama, akamtazama Khalayi, akapiga muhuri.

Kitanda kilirudi chumbani jioni ileile ya Alhamisi, mguu wa mbele kushoto ukiwa mbele kushoto.

Desemba, mbele ya jamaa wote, Shiundu alimfunika Khalayi blanketi jekundu, akanyoosha mkono kwa woga. Wazee wakatega masikio wasikie mama atambariki kwa maneno gani. Khalayi aliushika mkono ule, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza.

"Waya wa juu ya mlango umelegea," alisema. "Uje Jumamosi. Kitanda sikitoi tena."