Msiba Haukuomba Nafasi

Shee alikuwa amepiga magoti akikausha theluji iliyoingia na viatu vya watu, kabla chumvi inayomwagwa barabarani haijaacha mabaka. Sakafu ile ina hadhi kuliko yeye. Kwa miaka mitatu ukumbi wa jamii wa Cedar-Riverside, mtaa wetu huku ughaibuni, ulifungwa ukikarabatiwa. Mafundi waliikwangua rangi ya kijani tuliyoipaka sisi Walamu mpaka saruji ikabaki uchi, wakavirudisha viti vya mbao vya mwanzo. Kila kitu kikawa kama siku ukumbi ulipofunguliwa mara ya kwanza, yaani kabla hajafika hata Mlamu mmoja.

Mlangoni waliandika: Karibuni nyote.

Basi watu wakakaribia. Shangazi yake, Bi Kibibi, aliingia kinyumenyume, yeye na mwenzake wameshika sufuria la pilau. Nyuma yao wanawake wa buibui, mikeka kwapani. Wakavua viatu, wakatandika.

"Shangazi, kuna nini?"

"Wewe macho ni ya mapambo? Si tumemzika Mzee Isa asubuhi! Tulikuwa tukipika kwa mkewe, king'ora cha moshi kikalia, watu wa ghorofa zima wakashushwa. Sumayya wa watu, eda ndiyo kwanza imeanza, kasimama kwenye theluji na kanga, wazimamoto wanamtazama! Nikasema basi, apumzike kwake. Matanga yahamie huku."

Bernardine, meneja wa ukumbi, akatokea. Mama mpole, upole wa kumtia mtu baridi.

"Shee, hawa wamebuku?" akauliza kwa Kiingereza.

"Wamefiwa."

"Masikini, poleni. Lakini nafasi inaombwa wiki mbili kabla. Na chakula hakiwekwi sakafuni. Wafadhili wa ukarabati wako njiani."

Shee akatafsiri. Bi Kibibi akacheka mpaka akashika kiuno.

"Wiki mbili! Mwambie tutamwomba Izraili awe akipiga simu mapema."

Wanawake wakacheka, na machozi yao. Shee hakucheka. Jotham, mwenzake wa zamu, alifukuzwa kwa kuwaachia watu wa harusi wavisogeze vile viti. Na Faiza, mkewe Shee, husafishwa damu kwa mashine. Bima inayolipia mashine hiyo imefungwa kwenye kazi hii kama mbuzi kwenye kigingi.

"Shangazi, nakuomba. Nitafukuzwa. Na Faiza je?"

Bi Kibibi akamtazama. Mzaha ukamtoka usoni.

"Si ungesema, mwanangu." Akaanza kuukunja mkeka.

"Ngoja, ngoja!" Bernardine alikuwa akichungulia dirishani. "Wafadhili wamefika. Waambie wakae hapo hapo chini, tupige picha moja. Kisha waende."

"Kasemaje?" Bi Kibibi akauliza.

Shee akauinamia mkeka. "Kasema poleni."

"Ahsante yake."

Shee akashika sikio moja la sufuria, akawasaidia mpaka nje. Wakaondoka na upepo, kuelekea ghorofani kwenye king'ora chao. Yeye akarudi.

"Wamekataa?" Bernardine akauliza.

"Wamekataa."

Wafadhili waliingia wameinua vichwa kutazama paa. "Pametulia," mmoja akanong'ona, kama yuko kanisani. Bernardine akatazama kushoto, akatazama kulia, akamwona Shee.

"Basi njoo wewe."

Akakalishwa kwenye kiti cha mbao, mikono yanukia bizari.

"Tabasamu kidogo."

Shee akatoa meno yote. Kesho yake asubuhi Faiza alikuwa na miadi ya mashine.