Plagi za Noah ya Mikate

Mimi ni mtu wa hasira na sipendi kuulizwa jambo mara mbili. Ukileta gari gereji kwangu hapa Nyakato ukaniambia inagonga, nitakuambia kwa nini inagonga. Ukiniuliza kama nina uhakika, nitaweka spana chini nikuangalie mpaka uone aibu. Watu wa Musoma wamenizoea hivyo. Wengi waliamini hasira yangu ni dalili ya ufundi, na mimi sikuona haja ya kuwatoa kwenye imani hiyo.

Mama Dorkas anaoka mikate. Kila asubuhi gari yake aina ya Noah hutoka mjini na mikate ya moto, hupita Butiama, hufika Bunda, kisha hurudi na kreti tupu. Dereva wake alikuwa Amini, mtu wa miaka hamsini na kidogo, mpole mpaka anakera. Tulikuwa tunaswali msikiti mmoja, na kwa miaka tisa Amini ndiye aliyekuwa anashika ufunguo wa sanduku la sadaka. Hakuna aliyekumbuka alipewa lini wala na nani. Ulikuwa kwake tu, na hakuna aliyewahi kuuliza.

Mwaka juzi Noah ile ilichemka Kiabakari, mikate ikiwa nyuma. Nilifuata, nikabadilisha mpira wa rejeta uliopasuka, na kwa kuwa nilishafungua, nikatoa na themostati. Hiki ni kidude cha chuma, ukubwa wa kizibo kipana, kinachozuia maji ya rejeta yasizunguke mpaka injini ipate moto. Mafundi wengi wa huku tunakitoa bila kufikiri, kwa sababu kikigoma gari huchemka, na gari isiyonacho haisumbui. Nikakitupia kwenye kopo la maziwa ya unga ninamoweka vitu visivyo na kazi. Sikumwambia mtu, maana kwangu halikuwa jambo la kusema.

Mwaka huu petroli ilipopanda bei ndipo Mama Dorkas alipoanza kuangalia tangi lake kwa makini.

"Fundi, hii gari siku hizi inakunywaga mafuta," aliniambia. "Zamani haikuwaga hivi. Shida ni nini?"

Nikachomoa plagi. Mwanya wa pale cheche inaporukia, gepu kama tunavyouita mafundi, ulikuwa umepanuka kidogo sana. Nikazisugua kwa brashi ya waya, nikagongagonga, nikapima kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia mwanya, mpaka zote nne zikalingana. Nilifanya kwa madaha kidogo, kwa sababu watu walikuwa wanatazama.

"Mama, ni gepu tu hizi," nikasema. "Ndani ya wiki utaona tofauti. Usipoona, njoo na wembe uninyoe hizi ndevu."

Amini alikuwa amesimama kando, funguo za gari mkononi. "Twalib mdogo wangu," akasema, "mshale wa joto haupandagi. Hata nikifika Bunda uko chini kabisa. Haiwezi kuwa ndiyo shida hiyo?"

"Kaka Amini, unataka ichemke tena ukalale Kiabakari na mikate? Shukuru Mungu uendeshe."

Watu wakacheka. Amini naye akacheka kidogo, kwa adabu, akapanda gari.

Wiki ikapita. Mama Dorkas akarudi, akanikuta na wateja wengine wanne wamekaa kwenye benchi. "Fundi, wembe nilete mimi au unao?" Mafuta yalikuwa yanaisha vilevile. Benchi zima likaangua kicheko, na nikahisi masikio yanawaka. Pale ningeweza kusema sijui, mama, niachie gari niangalie tena. Maneno hayo yangechukua muda mfupi kuliko kuwasha kiberiti. Badala yake nikasema:

"Plagi zimekaa sawa, na mimi kazi yangu naijua. Kama mafuta bado yanapungua, basi kuna mdomo mwingine unaoyanywa."

Sikutaja jina. Gari lenyewe lilikuwa na dereva mmoja.

Kesho yake Amini alirudisha funguo za gari. Nilisikia kwamba hakubishana. Aliomba jambo moja tu, tangi lijazwe, kisha mtu apande naye kutwa nzima mpaka Bunda na kurudi, aone kwa macho yake. Mama Dorkas akamjibu kwamba ameshaona vya kutosha. Nilipoambiwa hayo nilikuwa chini ya gari ya mtu, na nilibaki kule chini muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka. Ila bado nilijiambia kwamba mimi sikumtaja.

Gari akapewa Eliud, mtoto wa kaka yake Mama Dorkas. Siku ya tatu tu Eliud akaja gereji, jasho linamtoka.

"Fundi, nisaidie kabla shangazi hajajua. Nimejaza mwenyewe, haki ya Mungu sijatoa hata kijiko, lakini mafuta yameshuka kama yale ya yule mzee. Shangazi ataniona mwizi na mimi." Kisha akaongeza, "Halafu mshale wa joto haupandi."

Gari lilikuwa limetoka Bunda muda uleule. Nikafungua boneti, nikaweka kiganja kwenye mpira wa rejeta. Gari iliyokimbia vile, mpira ule ulitakiwa kuniunguza. Ulikuwa vuguvugu, kama maji ya kumwogeshea mtoto. Nilikumbuka Kiabakari, nikakumbuka kopo, na nikasikia sauti ya Amini ikinieleza jambo lilelile kwa upole wake ule, mbele ya watu, nami nikawachekesha watu nalo.

Nikamtuma Eliud akanywe chai. Nikachukua themostati kwenye kopo, nikapita nyuma ambako ndiko nyumbani, nikaitia kwenye sufuria ya maji na kuiweka jikoni. Nilikuwa naomba iwe imekufa. Kama imekufa, basi nilikuwa na haki ya kuitoa.

"Baba Khalidi, unapika nini kwenye sufuria yangu ya chai?" aliuliza mke wangu, Siwema.

"Chuma."

Maji yalipochemka kile kidude kikafunguka taratibu, chote, kama kilivyotengenezwa. Nikakitoa kwa koleo, kikapoa, kikajifunga. Kilikuwa kizima siku ile na kilikuwa kizima siku niliyokichomoa. Bila hicho, injini ya Noah ile ilikuwa inakimbia baridi mwaka mzima na zaidi, na injini ikiwa baridi hudhani ndiyo kwanza imewashwa asubuhi, ikazidi kumiminiwa mafuta. Huo ndio uliokuwa mdomo mwingine. Niliufungua mimi.

Sasa nitasema nililofanya, na sitalipamba. Nilisafisha rejeta, nikaifunga themostati mahali pake, nikamwambia Eliud kwamba nimezirudia plagi. Ndani ya wiki mafuta yakatulia. Mama Dorkas akaja mwenyewe na mikate miwili, bado ina joto ndani ya karatasi.

"Plagi ulitengeneza sawa, fundi," akasema. "Gari ni ileile, barabara ni ileile. Tumebadilisha dereva tu. Nilikuwa nasita moyoni, lakini sasa nimeamini."

Nilipokea mikate ile, na tuliila kwa chai. Nilitafuna nikijua kwamba kwa kuficha kosa langu nilikuwa nimemtengenezea Amini ushahidi ambao hangeweza kuujibu hata aape vipi.

Habari ile ilienea. Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, shehe alimwita Amini pembeni, lakini msikiti wetu ni mdogo na pembeni yake kila mtu anaiona. Amini akachomoa ule ufunguo kwenye pete yake. Alichelewa, kucha zake zilikuwa fupi na pete ilikuwa ngumu, na sote tukawa tunatazama mikeka. Shehe akanipa mimi. Alisema panahitajika mtu asiyeogopa kusema kweli hata kwa rafiki yake. Nikanyoosha mkono nikaupokea.

Baada ya hapo hakuna aliyetaka kumpa Amini gari. Nikasikia amehamia Butiama kwa ndugu wa mkewe, na anawauzia bodaboda petroli ya chupa. Mtu mmoja kwenye benchi langu akasema, "Si ndiyo hayohayo ya Mama Dorkas?" Wakacheka, nami nikacheka nao. Mbaya zaidi, kwa muda mfupi nikatamani iwe kweli.

Biashara yangu ikachangamka. Watu wakaja na magari yao kutoka Nyegina, kutoka Murangi, wanataka mwanya wa plagi uwekwe na Twalib. Nikaweka. Wiki ya saba tangu nirudishe themostati akaja mwenye duka mmoja wa vifaa vya ujenzi pamoja na dereva wake, kijana anaitwa Machage.

"Fundi, tengeneza gepu kama ulivyomtengenezea mama wa mikate," akasema. "Mafuta yakiendelea kupungua nitajua ni huyu."

Machage alinitazama mimi, si bosi wake. Nikachomoa plagi zake, nikazipima, zilikuwa kama zimetoka dukani jana.

"Plagi zako nzima," nikamwambia yule bwana. "Mwanya ukiharibika, kuurudisha kunasaidia injini iwake vizuri, na utaokoa mafuta kidogo. Ukiwa sawa, hakuna unachookoa. Na fila geji haipimi wizi. Tafuta shida ya gari kwanza."

"Mbona kwa mama wa mikate ilipima?"

Nilimrudishia plagi zake, nikafunga gereji mchana kweupe, nikaazima pikipiki, nikaenda Butiama.

Nilimkuta Amini kando ya barabara, chini ya kipande cha bati, chupa zimepangwa mezani. Alikuwa anamjazia kijana wa bodaboda chupa moja. Alijaza mpaka shingoni, akalisubiri povu lishuke, akaongeza, ndipo akafunga kizibo na kuifuta chupa kwa kitambaa. Yule kijana alipoondoka nilimsalimia Amini, naye akaitikia. Hakunikaribisha kukaa.

Nikamweleza vyote nikiwa nimesimama: Kiabakari, kopo, sufuria, mikate miwili. Aliniacha nimalize.

"Mimi nilikuambia mshale haupandagi," akasema.

"Uliniambia, kaka."

"Ulijua lini?"

Hilo ndilo swali nililokuwa naliogopa njia nzima. "Siku ya tatu ya Eliud."

Akahesabu kimoyomoyo, nikaona vidole vyake vinagusa meza kimoja kimoja. "Kwa hiyo ufunguo uliupokea ukijua."

"Niliupokea nikijua."

Akanyanyua chupa moja, akaisogeza, akairudisha palepale. "Tausi aliniuliza," akasema. Tausi ni mkewe. "Miaka ishirini na sita tumekaa, hajawahi kuniuliza kitu kama hicho. Akasema, baba, kweli hukuchukua? Nikamjibu, akaniamini. Lakini aliuliza, Twalib. Hilo nalo utaliweka kwenye kopo?"

Nililia pale barabarani, mtu mzima na ndevu zangu. Amini hakunibembeleza, na sikustahili.

"Nakwenda kwa Mama Dorkas sasa hivi," nikasema. "Na Ijumaa nitasema msikitini."

"Nenda. Ijumaa na mimi nitakuja." Akakunja kile kitambaa. "Ila usisimame ukasema makosa yalitokea. Useme ulijua."

Mama Dorkas alinisikiliza mikono ikiwa na unga. Nilipomaliza akasema, "Na mikate yangu ukala," akaingia ndani. Baadaye alimtuma Eliud Butiama kumwomba Amini arudi kazini. Amini alimrudishia salamu, kazi akaikataa.

Ijumaa nilifika mapema, nikakaa safu ya mbele kama nilivyozoea tangu nipewe ule ufunguo. Baada ya swala nikamwomba shehe ruhusa, nikasimama. Amini alikuwa safu ya tatu, kanzu yake imepigwa pasi.

"Ndugu zangu," nikaanza, "katika kazi zetu za ufundi huwa inatokea bahati mbaya..."

Amini aliinua macho. Hakukohoa, hakutikisa kichwa, alinitazama tu.

"Haikuwa bahati mbaya," nikasema. "Kifaa cha gari nilikitoa mimi. Amini hajaiba hata tone. Nilimsingizia kwa sababu watu walinicheka. Halafu nikagundua kosa ni langu, nikalificha, nikanyamaza wiki saba. Ufunguo huu nilipewa nikiwa tayari najua."

Nikapita katikati ya watu waliokaa mpaka pale alipokuwa Amini, nikapiga magoti, nikamnyooshea ufunguo kwa mikono miwili.

"Weka kwenye mkeka," akasema kwa sauti ya chini, ya upole, ileile ya siku zote.

Nikauweka. Alingoja mpaka nilipoondoa mkono, ndipo akauokota.